Vitz yangu inakula mafuta kuliko zamani, nibadilishe injini?

Ndugu mshauri wa magari,

Habari za kazi. Nina Toyota Vitz ya mwaka 2001, cc 990, gia za oto, imeshatembea kilomita 186,000. Naishi Nkuhungu na kazini kwangu ni Mji wa Serikali, Mtumba. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 46, na ukiongeza sokoni na kanisani nafikisha kilomita 280 kwa wiki. Zamani lita 20 zilinitosha wiki nzima. Siku hizi lita hizo hizo zinaisha Alhamisi, yaani napata kilomita tisa na kitu kwa lita badala ya 14.

Mwaka jana mwezi wa kumi ilichemsha njiani. Fundi akatoa thamostati, akasema kwa joto la Dodoma haina kazi, akaunga feni ya rejeta moja kwa moja. Tangu siku hiyo haijachemsha tena. Ila asubuhi silensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inakaa juu muda mrefu, ekzosi inanuka petroli, na taa ya injini kwenye dashibodi huwaka siku mbili tatu kisha inazima yenyewe.

Nimeuliza mafundi watatu. Mmoja anataka tubadilishe nozeli zote nne zinazonyunyiza petroli. Wa pili anasema injini imechoka, ninunue nyingine iliyotumika. Wa tatu anasema tatizo ni mwinuko wa Dodoma, hakuna dawa. Jirani yangu naye amenishauri nijaze mafuta alfajiri, niweke dawa ya kuongeza nguvu ya petroli, na kwenye mteremko niwe natia gia N. Pesa yangu ni ya kuunga unga. Nianze wapi? Au niiuze tu?

Mtumishi wa umma, Nkuhungu

JIBU

Ndugu yangu mtumishi, shika hizo pesa kwanza, usinunue nozeli wala injini. Barua yako imetaja kitu kimoja kinachotosha kueleza sehemu kubwa ya hasara yako, nacho ni ile thamostati iliyotolewa. Nitaanza nayo na nitakaa nayo kwa muda, kwa sababu kosa hili limeenea sana kwenye gereji zetu na wenye magari hawaambiwi gharama yake.

Kompyuta ya injini haijui kama uko Dodoma au Njombe. Inachojua ni kile inachoambiwa na sensa ya joto la maji ya injini. Injini ikiwa ya baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, nyingine inabaki matone kwenye kuta za njia ya hewa, hivyo kompyuta inaongeza petroli na kupandisha silensa ili injini isizime. Maji yakikaribia nyuzijoto 80 inapunguza petroli, inashusha silensa, na inaifuata sensa ya oksijeni ili mchanganyiko ubaki kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Hapo ndipo gari dogo linapoanza kuwa la gharama ndogo.

Thamostati kazi yake ni kuzuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Kwenye magari madogo ya Toyota hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ikitolewa, maji yanapita rejetani tangu dakika ya kwanza, na feni iliyoungwa moja kwa moja inayapuliza hata pale yasipohitaji kupulizwa. Ukiwa barabara ya Mtumba saa moja asubuhi, mwendo wa 80, upepo unapiga usoni mwa rejeta, injini inaweza kufika kazini bila kuvuka nyuzi 60 au 65. Kompyuta inadhani umewasha gari sasa hivi, inaendelea kumwaga. Harufu ya petroli kwenye ekzosi na silensa isiyoshuka vinatoka hapo.

Hoja ya joto la Dodoma haisimami. Hewa yetu hata Novemba ikichoma kweli kweli haifiki nyuzi 40. Injini inataka maji yenye joto zaidi ya mara mbili ya hilo.

Kuna hasara ya pili isiyoonekana sheli. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini kwenye oili yenyewe. Chomoa kijiti cha oili asubuhi, paka tone kwenye kidole na unuse. Kama inanuka petroli, au kiwango kimepanda juu ya alama bila wewe kuongeza, mwaga oili hiyo mara tu baada ya matengenezo, usisubiri tarehe ya servisi. Ukiendelea nayo, maneno ya fundi wako wa pili kwamba injini imechoka yatakuja kuwa kweli.

Hakikisha mwenyewe kwanza. Asubuhi gari likiwa limelala, fungua boneti, washa, kisha shika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono mmoja na wa chini kwa mwingine. Weka mikono mbali na feni na mikanda. Penye thamostati nzima, mpira wa chini unabaki wa baridi kwa dakika kadhaa huku injini ikipata moto, halafu unapata moto kwa ghafla. Pasipo na thamostati, mipira yote miwili inapata uvuguvugu pamoja, polepole, tangu mwanzo. Kama dashibodi yako ina kitaa cha bluu au kijani cha injini ya baridi, hesabu pia dakika kinazochukua kuzima. Kisipozima mpaka umepita mjini kati, umeshapata jibu.

Sasa, usikimbilie kurudisha thamostati leo. Ilitolewa kwa sababu gari lilichemsha, na chanzo cha kuchemsha hakikuguswa. Ukiirudisha bila kukitafuta, gari litachemsha tena, safari hii pengine litaunguza gasketi ya silinda hedi, na lawama zote zitaiangukia thamostati. Mpangilio wangu ni huu.

Anza na rejeta. Kwa Dodoma mtuhumiwa wa kwanza ni maji. Maji yetu mengi ya visima yana chumvi, ndiyo maana birika la nyumbani linaota ukoko mweupe ndani. Ukoko huo huo unaota kwenye mirija myembamba ya rejeta pale watu wanapojazia maji ya bomba miaka nenda rudi. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta na uchungulie na tochi. Ukiona ukoko mweupe au tope la kutu kwenye midomo ya mirija, mpelekee fundi wa rejeta aisafishe, au ununue nyingine kama mirija mingi imeziba. Kwa nje, angalia kati ya rejeta na kondensa ya AC: vumbi na mbegu za nyasi hujaa pale mpaka hewa haipiti. Osha kwa mpira wa maji wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele, si kwa mashine ya presha, kwani itakunja mapezi.

Pili ni kifuniko cha rejeta. Watu hukidharau. Mji wetu uko karibu mita 1,120 juu ya bahari, na kwa urefu huo maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 96 tu. Kifuniko kizima chenye alama ya 1.1 kinabana presha na kusogeza kiwango hicho mpaka karibu nyuzi 120. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, maji yanachemka mapema na kumwagikia kwenye chupa ya akiba, hata kama rejeta ni safi. Kifuniko kipya ni cha bei ndogo sana, badilisha tu, na ufuate alama iliyoandikwa kwenye kile kilichokuja na gari.

Tatu ndipo ununue thamostati. Taja modeli ya injini dukani, siyo jina la gari peke yake, na usome namba ya joto iliyogongwa kwenye bati lake. 82 ni ya kawaida. Kabla haijafungwa ijaribu jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji ukiining'iniza kwa uzi ili isiguse chini, pasha moto. Inapaswa kuanza kufunguka maji yakiwa bado hayajachemka na kuwa wazi vizuri yakichemka. Isiyofunguka kwenye maji yanayochemka, rudisha dukani siku hiyo hiyo. Fungia na mpira wake mpya wa kuziba, na kama ina kitundu chenye kijipini kinachocheza, kijipini kikae juu ili hewa ipate pa kutokea.

Nne, jaza kulanti, yaani maji maalumu ya kupoozea injini. Injini na rejeta ya gari kama lako huchukua kati ya lita 4 na 5. Nunua iliyochanganywa tayari, au changanya nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri yasiyo na tindikali. Jaza taratibu kifuniko kikiwa wazi, hita ya ndani ukiiweka kwenye moto wa mwisho, washa injini, bonyabonya mpira wa juu mpaka viputo viishe, ongeza, funga. Hewa ikibaki ndani, gari litachemsha ingawa kila kitu ni kipya.

Tano, feni irudishwe kwenye swichi yake. Fundi wa umeme atafute waya uliokatwa na aangalie swichi ya joto na rilei. Feni nzima huwaka injini ikiwa na moto wa kutosha, hupumzika, huwaka tena. Iache injini isilensi mpaka uone feni imewaka na kuzima mara mbili bila maji kupungua, ndipo uondoke gereji.

Kabla ya kazi hiyo na baada yake, pima. Kusema "zinaisha Alhamisi" kunanionyesha kuna tatizo, lakini hakutaonyesha kama matengenezo yamefanya kazi kwa asilimia tano au thelathini. Nenda sheli moja, pampu moja, jaza mpaka pampu ijikate mara ya kwanza, sukuma tripu iwe sifuri. Tembea kilomita 250 au zaidi, rudi pampu ile ile, jaza mpaka ijikate mara ya kwanza. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Usikubali mhudumu alazimishe kujazia baada ya pampu kujikata. Petroli hiyo inaweza kuingia kwenye kopo la mkaa linalonyonya mvuke wa tenki, likaharibika, na injini ikaanza kuvuta mvuke mzito isiouhitaji. Pima wiki nzima, usipime kwa safari moja, kwa sababu upepo wa kiangazi hapa kwetu huvuma zaidi kutoka mashariki: asubuhi unapambana nao ukienda Mtumba, jioni unakusukuma kurudi mjini. Safari ya kwenda peke yake itakudanganya.

Gari lako likiwa zima, kwa njia hiyo yako, tegemea kati ya kilomita 13 na 16 kwa lita. Hivyo 14 yako ya zamani haikuwa ndoto.

Sasa ile taa ya injini. Mpelekee mtu mwenye mashine inayosoma magari ya Japani, kwani vile vifaa vidogo vya bluetooth mara nyingi havielewani na Vitz za miaka ile zilizotengenezwa kwa soko la Japani. Mwombe asome kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta, na aziandike kabla ya kuzifuta. P0125 au P0128 zinasema injini haipati moto, na utajua zimetokana na nini. P0135 ni hita ya sensa ya oksijeni. P0172 ni mchanganyiko wenye petroli nyingi. Baada ya hapo aonyeshe vipimo vya moja kwa moja, kwa sababu hapo kuna mawili makubwa.

Cha kwanza ni joto la maji asubuhi kabla ya kuwasha. Linatakiwa lilingane na hewa ya nje. Kama nje ni nyuzi 18 na mashine inasoma hasi 20, sensa ya joto imekufa, na hata ukifunga thamostati mpya kompyuta itaendelea kudhani kuna barafu. Fundi asiye na mashine anaweza kuipima kwa mita: kwenye nyuzi 20 isome kati ya oumu 2,000 na 3,000, kwenye nyuzi 80 ishuke mpaka kati ya 200 na 400.

Cha pili ni sensa ya oksijeni. Injini ikiwa ya moto na umekanyaga kidogo, volti zake ziruke ruke kati ya 0.1 na 0.9 mara kadhaa ndani ya sekunde kumi. Zikiganda chini, kompyuta inaamini petroli haitoshi na inaongeza. Lakini kabla ya kuilaumu sensa, sikiliza ekzosi: ikitoboka au gasketi ikivuja kabla ya sensa, inanyonya hewa ya nje na sensa inasema uongo bila kosa lake. Kama sensa ina nyaya nne, hita yake ipimwe kwa mita ikiwa imepoa. Kwenye Toyota nyingi husoma kati ya oumu 11 na 16. Isiyosoma kitu imekatika. Hii ni spea moja ambayo sikushauri ununue iliyotumika, maana masizi ya gari lililotangulia yako ndani yake na huwezi kuyaona. Wizara ya Nishati ya Marekani imeandika kwamba kurekebisha hitilafu kubwa kama sensa ya oksijeni iliyokufa kunaweza kuboresha matumizi kwa hadi asilimia 40. Kwa hiyo sensa hii ni mshukiwa wa kweli, ila usiinunue kwa kubahatisha.

Na kama kuna mtu alitoa masega ya ekzosi (yale yanayosafisha moshi) ili "gari lipumue", hutapata petroli yoyote kwa hilo. Ulichopata ni kelele na taa ya injini.

Nozeli? Ziguswe mwisho. Nozeli nne kuharibika zote kwa pamoja wakati ule ule thamostati ilipotolewa ni jambo gumu kutokea. Hata ikifika huko, zipelekwe kwanza kwenye mashine ya kusafishia inayoonyesha kila moja inamimina kiasi gani, zipimwe kabla na baada.

Sasa shuka chini kwenye magurudumu, kwa sababu injini nzima inaweza kuwa inavuta breki zilizobana. Hiki ni kipimo cha bure. Tembea kilomita kumi hivi ukikanyaga breki kwa uchache, simama taratibu, pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Rimu moja ikitoa joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki yake haiachii. Kisha piga jeki gurudumu moja moja, weka kizuizi kwenye mengine, gia iwe N, hendibreki imeshushwa, zungusha kwa mkono. Kusikia msuguano mwepesi ni kawaida. Gurudumu linalosimama mara unapoliachia lina tatizo. Mbele, mara nyingi ni pini za kalipa zilizokauka kwa vumbi letu: zichomolewe, zisafishwe, zipakwe grisi maalumu ya breki inayovumilia joto. Grisi ya kawaida ya bearingi inavimbisha mpira wake na pini inabana kuliko mwanzo. Nyuma, angalia kebo ya hendibreki. Kwenye Toyota ndogo nyingi hushika kati ya mlio wa sita na wa tisa. Ikishika kwenye wa pili au wa tatu, kuna mtu aliikaza mno.

Upepo wa tairi nao una kosa lake la Dodoma. Watu wanajaza mchana, tairi zimetoka kutembea na lami inawaka. Presha hupanda kama psi moja kwa kila nyuzi tano au sita za joto, hivyo 32 uliyoisoma saa nane mchana inaweza kuwa 28 alfajiri ya Julai. Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kikiandika 220 kPa hiyo ni 32 psi, 230 ni 33, na namba hizo ni za tairi zilizopoa. Nunua geji yako ndogo, pima asubuhi kabla ya kuondoka, mara mbili kwa mwezi. Tairi moja ikipungua peke yake kila mara, usiishie kujaza. Lizungushe ukitafuta mwiba wa mgunga. Miiba hiyo hukatikia ndani ya raba na kutoa upepo kidogo kidogo kwa wiki kadhaa bila pancha ya wazi.

Pitisha pia kiganja juu ya raba ya tairi za mbele, kutoka nje kwenda ndani, halafu kinyume chake. Kama upande mmoja ni laini na kurudi kunakwaruza kama meno ya msumeno, tairi zinaburuzwa pembeni na alaimenti inahitajika. Ukipita barabara mbovu za mitaa kila siku, ipime mara moja kwa mwaka.

Mengine nayapitia haraka. Ea klina iliyoziba kwenye gari la nozeli inapunguza nguvu zaidi kuliko inavyoongeza matumizi, kwa sababu kompyuta inapunguza petroli kulingana na hewa inayoingia. Lakini iliyochanika ni hatari, inapitisha vumbi linalosaga ringi. Ikague kila kilomita 5,000, ipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na ikifika 10,000 weka mpya. Futa kwa kidole ndani ya bomba upande wa injini: kukiwa na vumbi, ea klina haijakaa sawasawa au imetoboka. Plagi zichomolewe injini ikiwa imepoa. Rangi ya biskuti ni nzuri. Nyeusi kavu kama masizi ya jiko ni petroli nyingi, na ndiyo ninayoitegemea kwako kwa sasa. Nyeusi yenye unyevu wa oili ni habari ya ringi au sili za valvu. Namba 11 mwishoni mwa kodi ya plagi nyingi za NGK na Denso ina maana ya nafasi ya milimita 1.1, usimruhusu mtu aigonge kuipunguza. Oili iwe 5W-30 na si ile nzito ya 20W-50, ambayo kwenye injini ndogo inaongeza msuguano kila asubuhi. Na kama kijiti cha gia kina kitufe cha O/D, hakikisha maandishi ya O/D OFF hayawaki kwenye dashibodi. Yakiwaka, gia ya juu imefungwa na injini inazunguka kwa kasi bure njia nzima ya Mtumba.

Fundi wako wa tatu amekosea kuhusu mwinuko. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo injini inapoteza karibu asilimia kumi ya nguvu na utaisikia ukipanda mlima au ukilipita lori. Lakini kompyuta inapima hewa na kupunguza petroli kwa uwiano ule ule. Mwinuko hauwezi kukutoa 14 kukupeleka tisa, na kabla ya mwezi wa kumi ulikuwa Dodoma hii hii.

Kuhusu ushauri wa jirani: kujaza alfajiri hakuna faida ya kuihesabu. Petroli inatanuka karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja, na tenki la sheli liko ardhini ambako joto halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana. Dawa ya tenkini haifungi thamostati. Gia N kwenye mteremko nakukataza kabisa. Ukiachia mguu gari likiwa kwenye D na mwendo bado upo, kompyuta inafunga nozeli na hutumii petroli hata tone. Ukitia N, injini inabidi ijiendeshe yenyewe kwa silensa, inatumia petroli, na wewe umepoteza msaada wa injini wa kupunguza mwendo.

Mambo yanayokutegemea wewe dereva ni machache. Usipashe gari moto kwa dakika kumi uani. Nusu dakika inatosha, kisha ondoka taratibu kwa kilomita mbili za mwanzo. Ukiliacha likiunguruma ukisubiri abiria, injini ndogo inakunywa zaidi ya nusu lita kwa saa, na AC inaongeza. Ukivuka mji, 80 badala ya 100 ina maana kubwa, kwani nguvu ya hewa inayokupinga kwenye 100 ni kama mara moja na nusu ya ile ya 80. Na toa madumu ya maji kwenye buti. Manne ya lita 20 ni kilo 80, abiria mzima unayembeba bila sababu. Keria ya juu isiyo na mzigo nayo ishuke.

Kama pesa haitoshi kwa mara moja, gawa hivi. Wiki ya kwanza upepo wa tairi, kipimo cha breki na cha mipira ya rejeta, pamoja na kupima matumizi. Zaidi ya geji hakuna cha kununua. Mshahara wa kwanza: rejeta, kifuniko, thamostati, kulanti na waya wa feni kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa ukivitenganisha utalipa ufundi na kulanti mara mbili. Oili na plagi zifuate wiki hiyo hiyo kama oili inanuka petroli. Kisha pima kilomita 250. Ukirudi 13 au 14, simama hapo. Ukibaki 11, ndipo mashine, sensa ya oksijeni na ekzosi.

Kuuza? Kwa kilomita 280 za wiki, kutoka 9.4 kwenda 14 ni karibu lita kumi kila wiki. Kwa hesabu rahisi ya shilingi 3,000 kwa lita, ni 30,000 kwa wiki. Weka bei ya mwezi huo ya EWURA, mamlaka inayotangaza bei kikomo za mafuta, upate yako. Ukiliuza leo likiwa hivi, mnunuzi atasikia hiyo harufu ya ekzosi na kukata bei kubwa kuliko thamani ya rejeta na thamostati. Litengeneze kwanza. Na kabla hata ya kufikiria injini nyingine, mwambie fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, ya silinda zote nne. Zikilingana na zikiwa na nguvu, injini yako haijachoka.

Kitu kimoja cha kuangalia baada ya kurudisha thamostati: kwa wiki mbili za mwanzo kagua kiwango cha kulanti kwenye chupa ya akiba kila asubuhi, injini ikiwa imepoa. Kikishuka kila siku bila tone chini ya gari, usiendelee kujazia. Rudi gereji, lipimwe uvujaji kwa pampu ya presha, kwa sababu ule mchemko wa mwezi wa kumi unaweza kuwa uliiacha gasketi ya silinda hedi na jeraha.